Kabla Masikio ya Mama Hayajaziba

Mei 3, Jumatano

Mvua ya kwanza ya msimu imeshuka leo mchana, na mdogo wangu Osmany amekuja nayo. Hakupiga hodi. Aliingia na tope lake hadi ukumbini, akairuka fremu ya pikipiki ya baba iliyolala pale, akaniambia amepata pikipiki.

"Imeshafufuliwa yote, dada. Harley ya mwaka arobaini na nane, ya buluu, kromu unaweza kunyolea ndevu. Unapiga kiki moja tu, inawaka."

"Tunayo pikipiki," nikamwambia.

"Tuna chuma chakavu! Fremu ukumbini, injini kwenye beseni chini ya kitanda chako. Wewe unalala juu ya injini, Idelisa. Hata mwanaume hujawahi kumtunza hivyo."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika. Mimi ni mkereza vyuma. Kwa miaka ishirini na sita wenye pikipiki za zamani wa hapa Cárdenas wananiletea mimi bushi zao na pistoni zao, kwa sababu vipuri vya kiwandani viliacha kufika kisiwani humu kabla sijazaliwa. Kila kipuri tunakitengeneza wenyewe. Pikipiki ya baba niliifungua yote mwaka aliofariki, na huu ni mwaka wa sita naifufua. Naenda polepole kwa sababu sifungi kitu nitakachokionea aibu.

Muuzaji ni Baldomero wa Jovellanos. Anataka pesa ambazo binti wa Osmany ametuma kutoka ng'ambo, Tampa, na juu yake anataka fremu ya baba, injini ya baba na kadi ya pikipiki ya baba. Hiyo kadi ndiyo anayoitolea macho. Pikipiki isiyo na kadi hairuhusiwi barabarani, naye anazo zisizo na kadi, na namba ya kwenye injini lazima iwe ile ile ya kwenye kadi. Kwa hiyo Osmany anataka kumpa mtu namba ya baba yetu apate rangi ya buluu. Nimemfukuza, na mvua ilikuwa bado inanyesha.

Mei 4

Nimelala vibaya kwa hasira. Sababu ya Osmany naijua, na kuijua kunaniudhi zaidi.

Daktari wa Matanzas alisema wazi: sikio la kushoto la mama limekwisha, la kulia linafuata, labda mpaka mwisho wa mwaka. Na mama ana ombi moja. Kila Sikukuu ya Akina Baba, mwezi wa sita, wenye pikipiki za zamani huenda makaburini kwa mafundi wao waliokufa. Wanalizunguka kaburi, wanapiga resi mpaka njiwa wanakimbia, wanamwaga ramu kidogo chini. Baba naye alikuwa fundi, na kwake pikipiki za watu zimenguruma kila mwaka. Ya kwake haijanguruma hata mara moja. Mama anataka kuisikia pale, mara moja tu, angali na sikio.

Leo ameamua, akiwa anapepeta mchele, bila hata kunitazama: nikiiwasha ya baba kabla ya sikukuu, inabaki. Nisipoiwasha, Osmany anunue ya buluu. Nimekubali. Zimebaki siku arobaini na tano.

Mei 8

Umeme hakuna. Mashine ya kukereza imelala, nami nimekaa nayo.

Mei 9

Umeme hakuna.

Mei 10

Umeme umekuja nikiwa kwenye foleni ya mkate, ukaondoka nilipofika mlangoni na mkate.

Mei 13

Osmany kanichokoza mpaka nikaenda naye Jovellanos kuiona hiyo buluu. Nitaandika ukweli ingawa unanichoma: ni nzuri. Tangi limenyooka, madigadi hayana hata kibonyeo, kiti cha ngozi kimeshonwa kwa mkono. Baldomero aliipiga kiki moja, ikawaka, ikatulia. Huyo mtu ni mnene, ana pete mbili na sauti ya padri. Nikamwambia afungue kichwa cha silinda nione ndani.

"Bibie," akasema, "ukipikiwa kuku ukapakuliwa, unauliza alikula nini?"

"Huyo kuku atambeba mama yangu. Fungua."

"Nikifungua, gasketi inaharibika. Gasketi nyingine utanitengenezea wewe kwa karatasi ya shule? Sikiliza mwenyewe. Inaimba."

Nilisikiliza. Ilikuwa inaimba kweli. Niligonga tangi kwa kucha, nikasikia puti ya kufichia ubovu chini ya rangi, unene wa kidole. Nikamwambia Osmany. Akasema puti haimzuii mtu kwenda makaburini. Njia nzima ya kurudi, juu ya lori, nilimweleza kwamba pikipiki aliyoifufua mtu mwingine ina siri za mtu mwingine ndani, na siri hizo utazikuta barabarani. Alijibu jambo moja tu:

"Na ile ya kwako ina siri gani, dada? Hakuna anayejua. Haijawahi kwenda popote."

Mei 14

Siku ya Akina Mama. Keki, majirani, mama akitabasamu kwa watu asiowasikia. Sikuongea na Osmany.

Mei 23

Nimefunga krenki. Nimeizungusha kwa mkono. Kulikuwa na mchezo kidogo sana, kulegea kwa unene wa unywele, upande wa kulia, nikaifungua tena. Osmany alikuwa amesimama mlangoni.

"Huo mchezo nani atausikia? Mama?"

Nilimrushia spana. Haikumpata, na nilisikitika haikumpata.

Juni 1

Nimeyeyusha pistoni za lori bovu na sufuria mbili, nikamimina kwenye mchanga, nikakereza mchana kutwa kabla umeme haujakatika. Pistoni imetoka na mapovu ndani, karibu na shimo la pini. Mtu mwingine angeifunga. Mimi nimeichora msalaba upande wa ndani kwa msumari, kama desturi yangu, nikaitia kwenye sanduku pamoja na mbovu nyingine. Sanduku limejaa. Aluminiamu haitupwi hapa, kuna siku itafaa.

Siku kumi na saba.

Juni 6

Nimerudi kutoka karakana saa kumi na moja jioni na ukumbi ulikuwa mtupu. Palipokuwa na fremu pamebaki mistari ya kutu juu ya vigae. Chini ya kitanda changu hapakuwa na kitu. Beseni lilikuwa limeoshwa na kutundikwa msumarini, karibu na sufuria, safi kabisa. Sijui kwa nini lile beseni ndilo lililonitia wazimu.

Mama alikuwa jikoni anamenya muhogo. Tangu baba afariki kadi ilikuwa kwa jina lake, kwa hiyo sikuwa na haja ya kuuliza, lakini nikauliza, nikipiga kelele kwenye sikio la kulia:

"Umetia sahihi?"

"Nimetia."

"Bado siku kumi na mbili! Ulisema mpaka sikukuu!"

"Nilisema. Halafu nikakuona unafungua tena ulichokifunga."

"Mama, miaka sita!"

Akaweka kisu chini. "Na mimi nimeihesabu. Kila mwaka unaniambia mwakani, mama, mwakani itakuwa tayari. Wewe una mwakani, Idelisa. Mimi nina sikio moja, nalo usiku linalia ndani kama birika. Sitaki kujua nani kafufua nini. Nataka kusikia."

Nilitoka nikatembea mpaka baharini. Kaa walikuwa wanavuka barabara kwa mamia, kama kila msimu wa mvua, nikawapiga mateke. Nina miaka arobaini na tisa na nilikuwa nawapiga kaa mateke. Kwenye kadi ile kulikuwa na namba ambayo baba alinifundisha kuisoma kwa kidole kabla sijajua kusoma. Sasa iko Jovellanos kwa mtu mwenye pete mbili, na aliyempa ni mama yangu.

Juni 7

Sijaongea nao.

Juni 9

Sijaongea nao. Osmany anaipiga kiki ile ya buluu kila asubuhi saa kumi na mbili dirishani kwangu. Inawaka. Inaniudhi kwamba inawaka.

Juni 13

Mvua. Inawaka hata kwenye mvua.

Juni 18, Sikukuu ya Akina Baba

Sijui kama ninachokihisi ni hofu au hasira. Nafikiri ni hasira.

Mama alivaa gauni la kijivu na mkufu, akapanda nyuma ya Osmany, akamshika kiunoni. Alinitazama akitaka niseme kitu. Nilipanda gari la farasi peke yangu na ramu ya baba kwenye mfuko, nikiwafuata kwa mbali. Mbele yetu kulikuwa na pikipiki ishirini na kitu, zote zikinguruma, watu wakipunga mikono vibarazani.

Lango la makaburi lilikuwa linaonekana tayari. Niliisikia kabla sijaiona. Ule mlio wa chuma kikilia juu ya chuma naujua kuliko sauti yangu. Halafu ukakatika. Injini ilikuwa imenoki, tairi la nyuma likafunga, barabara imelowa, na ile buluu ikalala ubavu ikateleza na watu wangu.

Nilikimbia. Osmany alikuwa anaguna, bega limeshuka. Mama alikuwa amekaa katikati ya barabara, gauni limechanika, kifundo cha mkono kimeanza kuvimba. Aliponiona akauliza kwa sauti kubwa:

"Tumefika? Mbona wameizima?"

Juni 20

Mama ana bandeji mkononi na goti la zambarau. Osmany kavunjika mfupa wa bega. Hawawezi kunizuia, kwa hiyo jana nimeikokota buluu yao mpaka karakana, na leo nimeifungua.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na matusi ya Baldomero yamepangwa mdomoni. Nilitoa kichwa cha silinda ya nyuma, nikatoa silinda kwa nyundo ya mpira na laana, na pistoni ikatoka vipande viwili. Ilikuwa imepasuka kwenye shimo la pini. Pale pale kwenye mapovu.

Niligeuza kipande kikubwa kuelekea mwanga. Ndani kulikuwa na msalaba, umechorwa kwa msumari.

Ni yangu. Naufahamu mkono wangu. Na nimekumbuka: mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja mtu kutoka Jovellanos akitafuta aluminiamu ya kuyeyusha, akanipa pakiti mbili za kahawa, nami nikamwambia chagua sandukuni. Kahawa ile tuliinywa na mama. Nilimwambia Osmany kwamba siri za mtu mwingine atazikuta barabarani. Siri yenyewe ilikuwa yangu.

Juni 22

Nimekwenda Jovellanos hata hivyo. Hasira iliyokwisha kupangwa mdomoni haikubali kumezwa. Nilimwekea Baldomero vile vipande mezani, juu ya sahani yake ya wali na maharagwe.

"Nusura umuue mama yangu!"

Alivitazama bila kuvigusa. "Hii umeitengeneza wewe."

"Ilikuwa mbovu! Niliichora! Nilimwambia mtu wako ni ya kuyeyusha!"

"Alinieleza." Sauti ya padri ilikuwa imepotea. "Ndiyo, alinieleza. Nikaipima kwa nje, ikawa sawa kabisa, hata unywele haupungui. Nikasema huyu mwanamke wa Cárdenas anajulikana kwa maringo, anachokiita kibovu ni kizuri kuliko kizima cha mwingine. Nani hapa kwetu anayeyeyusha pistoni nzima, bibie? Wewe ungeyeyusha?"

"Ningeikata!"

"Basi mbona hukuikata?"

Nilimwambia ni mwizi na muuaji, lakini nilijisikia nikisema bila nguvu. Nikauliza injini ya baba iko wapi. Akatazama pembeni. Imeshafungwa kwenye pikipiki nyingine, ya kijani, na ile namba na kadi yake vimeondoka wiki iliyopita na daktari mmoja wa Camagüey.

"Aliipenda sana," akasema, eti kunifariji.

Juni 23

Nimekata zote. Pistoni kumi na tisa, miaka yote ya sandukuni, moja baada ya nyingine kwa msumeno wa chuma, kila moja nusu kwa nusu. Jirani yangu Migdalia alisimama dirishani ameshika kichwa.

"Idelisa! Umelogwa? Aluminiamu hiyo! Nipe mimi nitengenezee mfuniko wa sufuria!"

Nilimpa nusu mbili. Mikono imetoka malengelenge.

Julai 5

Nimeamua. Ya baba imekwenda na haitarudi. Ya buluu ina kadi halali na ni yetu, iwe tumeipenda au hatujaipenda. Nitaifufua upya iliyofufuliwa. Nimemwambia Osmany, akiwa na mkono umefungwa shingoni, na nilitegemea achekelee. Hakucheka.

"Nitakaa na wewe karakana," akasema. "Mkono mmoja unashika msasa."

Julai 12

Chini ya puti kuna tangi lililotobolewa na kutu na kuzibwa kwa bati la mkebe wa maziwa. Nyaya zimefungwa kwa plasta ya hospitali. Osmany anakwangua rangi ya buluu kimya kimya. Ile rangi aliipenda.

Julai 19

Umeme saa mbili tu.

Julai 27

Leo tumegombana vizuri, mara ya kwanza tangu ajali. Alisema ningeifunga ya baba mwaka wa pili na makosa yake yote, mama angeisikia kwa masikio mawili. Nikasema angeanguka kama alivyoanguka.

"Kwa pistoni yenye mapovu, ndiyo," akasema. "Lakini dada, wewe hukuwa unatofautisha. Kinachoua na kinachokera tu, kwako vyote ni dhambi moja."

Nimemwambia anyamaze. Sasa naandika saa hii na bado nasikia alichosema, na nimemkasirikia kwa sababu sioni pa kukishika nikivunje.

Agosti 11

Mama amewasha redio mpaka mwisho, Migdalia kaja kulalamika. Mama alikuwa anadhani haijawaka.

Agosti 30

Joto, mbu, mvua za mchana. Pistoni ya mbele imetoka safi, nzito, haina povu hata moja. Nimeipasua ya mfano nikahakikisha. Osmany alimimina kwa mkono wake mzima na hakumwaga hata tone. Nilimwambia umefanya vizuri. Alinitazama akidhani namdhihaki.

Septemba 17

Radi imepiga nguzo ya mtaani kwetu leo, mbwa wamejificha, mimi nimeruka. Mama aliendelea kushona. Nilimwita nikiwa hatua mbili, hakugeuka. Nilipoweka mdomo sikioni na kupiga kelele, alisema, "Usininong'oneze."

Septemba 26, Jumanne

Imewaka. Mchana, umeme umekatika, mvua imesimama kidogo, na Osmany akapiga kiki kwa mguu huku ameshika bega. Ya tatu ikawaka. Alipiga ukelele. Mimi sikupiga.

Silinda ya nyuma inagonga. Pistoni ile niliikereza siku umeme ulipokuwa unakuja na kukatika, na imepungua. Kidogo sana. Ikishapata moto inapungua kugonga, lakini inagonga. Haitapasuka, hilo najua kwa hakika, nimeipima mara kumi. Itakera tu. Kutengeneza nyingine ni kumimina upya, kusubiri umeme, kukereza, kufungua, kufunga. Wiki tatu, labda nne.

Osmany aliona uso wangu. Nilizima. Nimerudi nyumbani nikamkuta mama anamwangalia jirani mdomo ili ajue anasema nini.

Nimekaa na daftari hili naichukia ile pistoni. Na nimejichukia mimi, niandike wazi. Nilikuwa na injini ya baba miaka sita chini ya mgongo wangu, na mama ana masikio mawili, kisha moja na nusu, kisha moja. Nilikuwa naogopa asije akasikia kosa langu.

Septemba 30, Jumamosi

Si sikukuu ya mtu yeyote. Makaburini kulikuwa na mzee mmoja anayefagia na sisi watatu. Asubuhi nilikuwa nimetoa kizuia sauti chote cha ekzosi, bomba likabaki uchi. Mama alikuja kwa gari la farasi, alikataa kupanda nyuma, na sikumlaumu. Pikipiki haina rangi bado, imejaa viraka vya msasa, tangi nusu buluu nusu chuma. Niliisukuma mpaka kando ya jiwe la baba, nikamsimamisha mama upande wa kulia, karibu kabisa na bomba.

Nikapiga kiki. Ya kwanza, ikawaka. Njiwa wakaruka, yule mzee akaangusha ufagio.

Mama aliinamisha kichwa, akaleta sikio la kulia. Uso wake haukubadilika. Niliongeza resi. Bado. Osmany aliziba mdomo kwa mkono, nami nikafikiri nimechelewa, nimechelewa kwa wiki, labda kwa siku, na niliwaza ile miaka sita ya kufunga na kufungua, ujinga wangu mkubwa kuliko wote, na hasira ikanipanda mpaka nikashindwa kuona usukani.

Ndipo mama akainua kidole, akapiga kelele kama wanavyopiga wasiosikia:

"Silinda ya nyuma inagonga!"

Osmany aliangua kicheko, akajishika bega, akaendelea kucheka huku analia. Mama alilipiga jiwe kwa kiganja.

"Evaristo! Unaisikia? Binti yako kakuletea pikipiki inayogonga!"

Niliinama nikapiga kelele sikioni mwake: "Nitaifungua, mama! Jumatatu naifungua!"

"Ukiifungua nakukata mikono," akasema. "Piga resi."

Nikapiga.